Siku ya Ziara Madina kwa Wanaokwenda Umra na Kundi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maelezo haya ni kwa wale wanaosafiri Umra kwa kifurushi cha taasisi au ajenti, ambacho ndani yake kuna siku moja ya kutembezwa Madina kwa basi. Maswali ni yale ambayo mahujaji huuliza kabla ya kulipa, uwanja wa ndege, na zaidi usiku wa kuamkia ziara wakiwa wamekaa sebuleni hotelini.

Je, ziara ya Madina ni sehemu ya Umra?

Hapana. Umra huanza na kwisha kwa ihramu, tawafu, sa'yi na kunyoa au kupunguza nywele, na ziara ya Madina haimo kati ya hayo. Aliyeamka na homa siku ya ziara abaki hotelini apumzike, hana deni wala fidia. Tunalitanguliza jambo hili kwa sababu wapo wazee wanaojikokota hadi kwenye basi wakiwa hawajiwezi, wakiogopa kwamba Umra yao itapungua. Haipungui kitu.

Hata hivyo siku hii ina uzito wake. Utasimama palipotokea mambo uliyoyasikia tangu chuoni, na kuna msikiti mmoja katika ratiba ambao kusali humo kuna fadhila iliyotajwa waziwazi kwenye hadithi.

Tutapelekwa wapi hasa?

Karibu kila kundi hupelekwa Msikiti wa Quba, Uhud, Msikiti wa Qiblatain, eneo la Khandaq na soko au shamba la tende. Njiani utaonyeshwa mengine kupitia dirishani, kama Msikiti wa Jumaa uliopo karibu na Quba, ambako Mtume (S.A.W.) alisali Ijumaa akielekea mjini katika Hijra. Makundi mengine hupita stesheni ya zamani ya reli ya Hijazi. Reli hiyo ilitoka Damascus na kufika Madina mwaka 1908.

Ukiona kifurushi kinaahidi maeneo 12 kwa nusu siku, muulize ajenti ni mangapi mtashuka. Shauri letu ni hili: maeneo manne ambayo mtashuka, mkaelezwa na mkapata nafasi ya kuomba dua yanatosha, na ni bora kuliko kumi ya kuonyeshwa kwa kidole basi likiwa linakwenda.

Tunaondoka saa ngapi na kurudi saa ngapi?

Wakati mzuri ni saa 1 asubuhi, watu wakiwa wamesali Alfajiri Msikiti wa Mtume na wamekwisha kunywa chai. Saa za Madina ni sawa na za Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar, kwa hiyo saa ya mkononi haihitaji kubadilishwa. Ila dereva akisema mtaondoka "saba" anakusudia saa 1 yetu ya asubuhi. Mwombe kiongozi wa msafara aandike 7:00 kwenye kundi la WhatsApp ili asiwepo mtu wa kukaa chumbani akisubiri mchana.

Kurudi kuwe kabla ya Adhuhuri, ambayo Madina huingia saa 6 na dakika chache mchana. Swala moja katika Msikiti wa Mtume ni bora kuliko swala 1,000 kwingineko, isipokuwa Msikiti Mtukufu wa Makka. Mtu amedunduliza miaka mingi ili afike hapa, na haifai swala hiyo impite kwa sababu basi lilikawia sokoni. Ziara ikipangwa kuanza saa 3 au saa 4, pingeni mapema na kwa upole, kwani nyingi za namna hiyo huishia njiani wakati adhana inatolewa.

Siku gani ya wiki inafaa?

Msiende Ijumaa. Asubuhi yake ni ya kuoga na kuwahi msikitini. Jumamosi ina utamu wake, maana Mtume (S.A.W.) alikuwa akienda Quba kila Jumamosi, kwa miguu au juu ya kipando, lakini kwa sababu hiyohiyo watu hufurika. Kundi lenye wazee wengi tungelipeleka Jumapili hadi Jumatano.

Kwa nini mnataka Quba iwe ya kwanza?

Kwa sababu ya udhu. Hadithi inasema kwamba mwenye kujitwaharisha nyumbani kwake kisha akaenda Msikiti wa Quba akasali humo, hupata malipo kama ya Umra. Kwa msafiri, nyumbani kwake ni hotelini. Basi tieni udhu chumbani, si kwenye vyoo vya Quba, na mwende moja kwa moja ilhali udhu bado upo. Tunasikitika tukiona kundi linaanzia kwenye tende na kufika Quba saa 5, watu wakipanga foleni ndefu bombani.

Quba ndio msikiti wa kwanza kujengwa katika Uislamu, mwaka wa kwanza wa Hijra, yaani 622. Upo kusini mwa mji, kilomita chache kutoka Msikiti wa Mtume. Jengo unaloliona, lenye kuta nyeupe na minara minne, ni la miaka ya 1980, na mwaka 2022 Saudia ilitangaza mpango wa kulipanua eneo lake mara 10. Kwa hiyo msishangae kukuta mabadiliko kwenye maegesho na njia za kuingilia. Wanaume na wanawake wana milango tofauti. Kabla ya kutengana, kubalianeni mtakutana wapi, na kila mmoja apige picha namba ya basi lenu. Pale mabasi hujipanga kwa makumi, na yote yanafanana.

Salini rakaa mbili kwa utulivu, ombeni dua, kisha tokeni ili wengine wapate nafasi.

Uhud kuna nini, na kwa nini mnataka tupewe muda mrefu pale?

Kwa sababu hapa ndipo watu hurudi kwenye basi wakiwa wametulia, au hurudi wakiwa wamenunua miswaki tu. Kinachotofautisha ni kama walisimuliwa.

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Kilima kidogo ambacho watu wanakipanda sicho Uhud. Hicho ni Jabal Rumat, kilima cha warusha mishale. Uhud ni lile jabali refu jekundu lililotanda nyuma, kaskazini mwa mji. Makaburi ya mashahidi yapo katikati, ndani ya uzio, na hapo ndipo mtakaposimama kutoa salamu.

Vita vilipiganwa Shawwal mwaka wa 3 Hijria, yaani 625. Makuraishi walikuja na watu wapatao 3,000. Waislamu walitoka Madina wakiwa takribani 1,000, kisha Abdullah bin Ubayy akageuka njiani na kundi la watu kama 300, wakabaki 700. Mtume (S.A.W.) aliwaweka warusha mishale 50 juu ya kile kilima, kiongozi wao akiwa Abdullah bin Jubair, akawaambia wasiondoke mahali pao hata wakiwaona wenzao wananyakuliwa na ndege. Mwanzo Waislamu walishinda. Warusha mishale walipoona adui anakimbia na ngawira zimetapakaa, wengi wao wakateremka, ingawa kiongozi wao aliwakumbusha amri. Khalid bin Walid, wakati huo hajasilimu, akazunguka na wapanda farasi wake kupitia upande ulioachwa wazi. Waislamu wapatao 70 wakauawa. Mtume mwenyewe akajeruhiwa usoni na jino lake likavunjika.

Ukiwa umesimama pale, ukakitazama kilima, kisha ukautazama uwanja, utaelewa kwa macho jambo ambalo kwenye darsa hukulielewa: umbali ni mdogo mno. Wale waliokuwa juu waliona kila kitu. Mwambie anayewaongoza awaonyeshe warusha mishale walikuwa upande gani na farasi waliingilia wapi. Akishindwa kueleza hilo, basi hakujiandaa.

Waliozikwa pale ni pamoja na Hamza bin Abdul-Muttalib (R.A.), ami yake Mtume, na Mus'ab bin Umair (R.A.). Mus'ab alikulia katika neema Makka, na ndiye aliyetumwa Madina kufundisha Qur'ani kabla ya Hijra. Alipouawa hakuwa na sanda isipokuwa nguo moja. Wakimfunika kichwa, miguu inabaki wazi. Wakimfunika miguu, kichwa kinabaki wazi. Mtume akaamuru afunikwe kichwa kwa nguo, na miguu iwekewe majani ya idhkhir. Tumeona watu wazima wakilia kwa habari hii moja, na hatuoni sababu ya kuwaharakisha.

Salamu ni ile inayotolewa kwa watu wa makaburini: "Assalaamu alaykum ahlad-diyaari minal-mu'miniina wal-muslimiin, wa innaa in shaa Allaahu bikum laahiquun." Kisha muwaombee wao kwa Mwenyezi Mungu. Msichote mchanga, msifunge vitambaa kwenye uzio. Na mnapolitazama jabali, kumbukeni kwamba Mtume alisema Uhud ni jabali linalotupenda nasi tunalipenda.

Dakika 45 ni muda wa chini kabisa. Wakati wa joto tungependa mtoke Quba mwende Uhud moja kwa moja, ingawa ni kuvuka mji, kwa sababu uwanja ule hauna kivuli na ikifika saa 4 mawe yanakuwa ya moto.

Ni lazima kupanda kile kilima?

Si lazima, wala hakuna ibada maalumu juu yake. Kijana mwenye viatu vya kushika anaweza kupanda kwa dakika chache ili auone uwanja vizuri. Mwenye magoti mabovu, mjamzito au aliyevaa kandambili abaki chini. Mawe yamelainishwa na nyayo za watu na yanateleza.

Msikiti wa Qiblatain, tutaona mihrabu mbili?

Hapana, na wengi husikitika kwa kuwa waliambiwa hivyo na waliotangulia zamani. Baada ya ujenzi wa miaka ya 1980 ilibaki mihrabu moja, inayoelekea Makka. Habari ya jina lake, Qiblatain yaani qibla mbili, ni kubwa: baada ya Hijra, Waislamu walisali wakielekea Baitul-Maqdis kwa miezi 16 au 17, kisha ikashuka aya ya 144 ya Suratul-Baqara ya kuelekea Al-Kaaba. Kutoka Madina, Baitul-Maqdis ni kaskazini na Makka ni kusini. Kwa hiyo waliokuwa ndani ya swala walilazimika kugeuka nyuma kabisa. Simama ndani, tafuta kusini ni wapi, halafu ujaribu kuwafikiria.

Na Khandaq? Handaki bado lipo?

Halipo. Mtaona barabara, msikiti mpya mkubwa, na misikiti midogo ya kale kando ya jabali la Sal', ambayo wengi huiita Misikiti Saba. Handaki lilichimbwa mwaka wa 5 Hijria (627) kwa shauri la Salman al-Farisi (R.A.), wakati makundi ya watu wapatao 10,000 yalipokuja kuuzingira mji. Dakika 15 zinatosha hapa.

Baqii nayo iko kwenye ziara ya basi?

Kwa kawaida haimo, na haihitaji basi. Ni makaburi yaliyopo ubavuni mwa Msikiti wa Mtume. Wanaume huruhusiwa kuingia baada ya Alfajiri na baada ya Alasiri. Wanawake hawaingii, hutoa salamu wakiwa nje. Humo wamezikwa Masahaba wengi, akiwemo Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.), na wake wa Mtume isipokuwa Bi Khadija, aliyezikwa Makka, na Bi Maymuna, aliyezikwa Sarif karibu na Makka. Makaburi hayana majina, kwa hiyo msimlipe mtu anayejitolea kuwaonyesha nani kalala wapi.

Zamu yangu ya Rawdha imeangukia saa za ziara. Nifanye nini?

Nenda Rawdha, ile sehemu ya Msikiti wa Mtume iliyo kati ya nyumba yake na mimbari. Kibali chake hutolewa kwa siku na saa maalumu kupitia programu ya Nusuk, na wanaume na wanawake wana nyakati tofauti. Zamu ikikupita huenda usipate nyingine kabla ya kuondoka, ilhali Quba unaweza kwenda siku yoyote. Mpe kiongozi wako saa ya kibali chako mara tu unapokipata, ili apange ziara siku ambayo haimgongi mtu.

Mwanamke akiwa katika siku zake aende?

Aende, bila haya. Uhud ni uwanja wa wazi, Khandaq ni wazi, na salamu, dua na dhikri hazizuiliki. Quba na Qiblatain atabaki nje ya msikiti wakati wenzake wanasali. Tunawaomba viongozi wa misafara, hasa wanaume, waseme maneno haya hadharani mbele ya kundi zima usiku wa kuamkia ziara. Wasipofanya hivyo, mabinti watajifungia chumbani wakidhani siku imewaharibikia, na hawatauliza.

Mama yangu ana miaka 78 na hutembea kwa fimbo. Ataweza?

Ataweza kama mtamwandalia. Mweke kiti cha mbele, jirani na mlango wa basi. Chukueni kiti cha magurudumu kinachokunjika na mkiweke buti, kwani Quba mwendo wa kutoka maegesho unaweza kuwa mrefu. Uhud asogezwe karibu na uzio atoe salamu, kisha arudi kwenye basi lenye kiyoyozi. Dawa za asubuhi anywe na chakula, asiahirishe eti kwa sababu ya safari. Na awe na mtu wake maalumu, mjukuu au jirani, si "kundi zima litamwangalia", kwa sababu kundi zima maana yake hakuna mtu.

Tuvae nini?

Nguo pana nyepesi, na viatu vya kufunga au makubazi imara. Ihramu haihusiki hapa, msije mkajifunga shuka bure. Kuanzia Juni hadi Agosti joto hupita nyuzi 40, kwa hiyo mwavuli, chupa ya maji na soksi ni vya lazima. Desemba na Januari asubuhi ni ya baridi, na mtu aliyetoka Tanga au Mombasa ataikumbuka sweta aliyoiacha nyumbani.

Nani atatueleza, na kwa lugha gani?

Hili ndilo swali la kuuliza kabla ya kulipa hata senti moja. Basi zuri lenye dereva asiyejua Kiswahili na kiongozi asiyejua sira (historia ya maisha ya Mtume) ni matembezi tu. Madina ina bahati ya kuwa na Chuo Kikuu cha Kiislamu, kilichoanzishwa mwaka 1961, ambacho kimesomesha vijana wengi wa Tanzania, Kenya, Kongo, Burundi na kwingineko, na hao wanaujua mji na wanaijua lugha yetu. Kazi ya kutembeza wageni Saudia inahitaji leseni, kwa hiyo muulize ajenti wako amepanga vipi: mwenye leseni ni nani, na atakayesema Kiswahili ni nani. Kama anayesafiri nanyi ni sheikh wenu wa mtaani anayeijua sira vizuri, mpeni kipaza sauti cha basi na mumnyamazie.

Soko la tende: tutadanganywa?

Mkiwa na haraka, ndiyo. Wekeni tende mwisho wa ziara na mlipangie nusu saa. Wanaokwenda mapema huzunguka na mizigo mikononi siku nzima.

Ajwa ni nyeusi, fupi, ya mviringo, laini, yenye mistari midogo juu ya ganda. Safawi nayo ni nyeusi lakini ndefu zaidi na bei yake ni ndogo. Kosa la kawaida ni kuuziwa Safawi kwa bei ya Ajwa. Omba uonje, na uliza bei ya kilo, si ya boksi. Sukari, ile ya rangi ya dhahabu, ni tamu sana na wazee wasio na meno huipenda, ingawa nyingi hutoka Qassim. Zawadi za jirani na ndugu si lazima ziwe Ajwa zote. Chukua Ajwa kidogo kwa wazazi, na aina nyingine kwa wengi. Kabla ya kununua kilo 15, angalia tiketi yako inaruhusu mzigo kiasi gani, na usisahau nguo unazorudi nazo.

Ukiona bei imepanda mno katika duka ambalo basi limesimama, huna wajibu wa kununua. Masoko ya tende karibu na Msikiti wa Mtume yapo hadi usiku.

Tutapelekwa Bonde la Majini?

Baadhi ya madereva hulitangaza kwa nguvu, maana ni safari ya ziada ya kulipia. Ni barabara iliyopo nje ya mji ambako gari lililozimwa injini huonekana kama linapanda lenyewe. Macho ndiyo yanayodanganyika kwa jinsi vilima vilivyokaa. Gari linateremka. Mahali hapo hapana uhusiano na sira wala ibada, na sisi tusingeutoa muda wa Uhud kwa ajili yake.

Na Badr?

Badr ni takribani kilomita 150 kutoka Madina, kwa hiyo inahitaji siku yake. Makundi mengine hupitia huko yakiwa njiani kwenda Makka kwa basi. Mkipata nafasi, nendeni.

Nikipotezana na kundi?

Usizunguke kulitafuta. Simama kwenye mlango mkuu wa mahali mliposhukia, piga simu, na utume picha ya ulichonacho mbele yako. Beba kadi ya hoteli yenye anwani kwa Kiarabu na riyali chache za teksi. Kwa mzee asiye na simu, andikeni namba ya kiongozi kwenye kikaratasi na mkifunge pamoja na kitambulisho shingoni. Kiongozi naye ahesabu watu kabla ya kila kuondoka, akihesabu vichwa, si kuuliza "tumetimia?"

Kuna malipo ya ziada?

Misikiti na Uhud havina kiingilio. Basi liwe ndani ya bei ya kifurushi, na hilo liandikwe. Bakshishi ya dereva ni hiari yenu. Asichangishwe mtu kwa lazima.

Baadhi ya maeneo yalirukwa. Tudai nini?

Ikiwa Quba au Uhud haikufikiwa, zungumzeni na kiongozi siku hiyohiyo, mkiwa bado Madina, mkiwa na ratiba mliyopewa kwa maandishi. Msisubiri mfike nyumbani. Quba ni rahisi kufidia hata bila yeye: kuna njia ya waenda kwa miguu ya takribani kilomita 3 kutoka Msikiti wa Mtume, na vigari vidogo vya umeme kwa wasioweza kutembea. Uhud ni mwendo mfupi wa teksi. Watu wanne wakichangiana, wakatoka mara tu baada ya Alfajiri, wanaweza kuwa wamerudi kabla chai ya hoteli haijaondolewa mezani.